Kikatio Kisichokata

Gundi ya tangazo la kufunga duka ilikuwa bado mbichi mlangoni Hakika alipolisoma, na kabla hajafika mwisho wake alikuwa ameshavua kofia kwa heshima ya marehemu, yaani duka. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sharubu zilizochanwa vizuri na suti moja aliyoivaa kana kwamba nyingine kumi ziko kwa dobi. Jina lake halisi lilijulikana kwa mama yake na karani mmoja wa mahakama. Mjini waliomjua walimwita Hakika, kwa sababu neno hilo lilimtoka kila alipokaribia kusema uongo, na alikaribia mara nyingi.

Aliingia ndani. Mwenye duka, mzee aliyefunga miwani yake kwa uzi mweusi, alikuwa anapanga sufuria ndani ya sufuria.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umekuja kununua, nunua. Kama umekuja kunipa pole, nunua pia."

Hakika akatazama huku na huku, macho yake yakatua kwenye makasha sita yaliyokaa kona bila kufunguliwa.

"Na haya?"

"Vikatio vya mboga, vya nyumbani. Aliyeniuzia aliniapia kwamba hata mtu aliyefumba macho anaweza kuvitumia asijikate kidole."

"Na ni kweli?"

"Hilo ni kweli tupu," mzee akasema kwa uchungu. "Ngoja nikuonyeshe."

Akatoa kimoja. Kilikuwa cha plastiki nyeupe, chenye miguu minne, mdomo mpana juu wa kutumbukizia mboga, mpini wa kubonyeza, kitufe chekundu ubavuni na kifundo cha kuzungusha kama cha redio. Wembe ulikuwa umefichwa tumboni, mahali pasipofika kidole. Mzee akatumbukiza kiazi, akabonyeza mpini. Ukashuka, ukapanda wenyewe kwa springi. Akabonyeza mara kumi, kisha akakitoa kiazi kikiwa kizima kama kilivyotoka shambani.

"Umeona? Hakijamkata mtu. Hakijakata na kitu kingine chochote."

"Maelezo yake yanasemaje?"

Mzee akampa karatasi iliyojaa maandishi ya kigeni. Waliigeuza, wakaigeuza tena, wasijue hata kama yanasomwa kutoka kushoto au kutoka juu.

Hakika akayachukua makasha yote kwa bei ya kukodi mkokoteni. Mzee alimshukuru, akamwombea dua, akamsaidia kusukuma mpaka barabarani.

Tuseme ukweli hapa, maana mhusika wetu hatausema: Hakika hakuwa tapeli wa hivihivi. Alikuwa na elimu yake. Aliamini kwamba ukimuuzia mtu kitu kibovu bila maelezo atakulaumu wewe, lakini ukimpa maelezo marefu atajilaumu yeye, atasema labda nilikosea hatua ya nne. Basi alikaa chumbani kwake mchana kutwa akitunga maelezo. Kikatio kisifunguliwe siku ya kwanza, kipumzike na safari. Siku ya pili kioshwe kwa maji ya uvuguvugu. Kielekezwe dirishani na kupungiwa mkono mara moja. Halafu mtu abonyeze kitufe chekundu bila kukiachia, huku anazungusha kifundo kuelekea kulia mpaka kilie "tak" mara mbili. Kisha anyamaze kidogo.

Alipomaliza aliyasoma kwa sauti, akafurahi sana. Mpaka mteja agundue kwamba ameingizwa mjini, yeye atakuwa mtaa wa saba.

Mteja wake wa kwanza alikuwa fundi cherehani, mama mwenye mwili na sauti yake, aliyefanya kazi sebuleni kwake ghorofa ya tatu, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. Hakika aliingia na viazi viwili: kimoja kizima mkononi, na kingine kilichokatwa vipande vyembamba tangu asubuhi, kimejificha ndani ya mkono wa koti.

"Mama, hakika sikuja kuuza," alianza. "Vyote hivi vimeagizwa na hoteli. Nimepita tu kuomba maji ya kunywa."

"Na mbona umeshakifungua?"

"Mkono una mazoea yake."

Akaweka kikatio mezani, akatumbukiza kiazi, akabonyeza mara tatu kwa madaha, akainamisha mkono wa koti nyuma ya kile kiplastiki. Vipande vikamwagika kwenye sahani kama karata. Fundi akaacha kushona.

"Na vidole?"

"Hakika vidole vyako vitabaki kumi. Hiki cha kuonyeshea kimeshaamshwa. Vingine vimelala bado, vinaamshwa kwa utaratibu maalumu." Akampa karatasi ya maelezo.

Fundi aliisoma taratibu, midomo ikicheza. "Kwani kwa nini nikipungie mkono?"

"Mama, watengenezaji wana akili zao. Mimi nitawapinga kwa elimu gani?"

"Hoteli watanunua kwa bei gani?"

Hakika akataja bei. Fundi akapiga hesabu kimyakimya. Jirani wa chini hajui bei ya hoteli, na yule wa mkabala hajui bei ya kitu chochote.

"Nipe vinne," akasema. "Kimoja changu, vitatu vya ndugu zangu."

"Una ndugu wazuri," akasema Hakika, aliyekwisha kuwatambua hao ndugu watakaouziwa mara mbili ya bei. Alikuwa anatia noti mfukoni alipoiona kofia ya polisi imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango.

"Hiyo ya nani?"

"Ya mume wangu. Yuko zamu."

Hakika akameza maji aliyopewa yote kwa pamoja, akaaga kwa adabu, akashuka ngazi mbilimbili. Hata hivyo aliuza vingine vinane kwenye ghorofa za chini, maana hofu ni hofu na kazi ni kazi.

Kilichotokea baadaye, Hakika hakukijua. Siku ya pili fundi alikiosha kikatio kwa maji ya uvuguvugu. Alikielekeza dirishani, akakipungia mkono, akiangalia kwanza kama hakuna anayemwona. Akabonyeza kitufe, akazungusha kifundo kulia. Kikalia tak, kikalia tak. Akanyamaza kidogo. Kisha akatumbukiza karoti, akabonyeza, na karoti ikatoka chini vipande vyembamba vinavyolingana, kimoja baada ya kingine, na vidole vyake havikukaribia hata harufu ya wembe.

Ukweli ni kwamba kitufe kile kilikuwa kufuli. Kiwandani walikifunga ili mtoto asijiumize, na mzee wa duka hakuwahi kukifungua. Katika uongo wote uliotungwa chumbani siku ile, hatua moja tu ilikuwa ya kweli, na hiyo moja ilitosha. Jioni fundi alikata kabichi, akakata vitunguu bila kutoa chozi, akakata na matango ambayo hakuna aliyeyahitaji. Vile vitatu vya ndugu zake vilinunuliwa ukumbini kwa kugombaniwa, na nyumba tano zikabaki zinanung'unika.

Baada ya siku tatu Hakika alikuwa anapita mtaa wa maduka ya vitambaa, begi mkononi, akitafuta ghorofa nyingine, aliposikia sauti nyuma yake.

"Wewe wa vikatio, simama hapo."

Akageuka. Fundi alikuwa anakuja, kikatio mkononi, kidole gumba kimefungwa kitambaa, na wanawake sita wako nyuma yake. Kitambaa kile alikifunga kwa sababu ya sindano, lakini Hakika hakukaa kuuliza. Alitoka nduki. Wanawake nao wakakimbia. Askari mmoja aliyesimama njia panda akauliza kuna nini, akamwona mkewe mbele anakimbia, akaona afadhali naye akimbie.

Hakika alipita katikati ya mitumba, akaruka ndoo ya muuza maua, akaingia kwa kinyozi, akajitupa kwenye kiti.

"Ondoa zote," akasema, akihema.

"Zote zipi?"

"Nywele, sharubu, chochote utakachokiona."

Kinyozi alimpaka povu mpaka kwenye kope. Wembe ulikuwa umeshapita mara mbili kichwani na mara moja chini ya pua wakati wanawake walipojaa mlangoni.

"Hamjamwona mwanamume mwenye sharubu?" akauliza fundi.

Kinyozi akatazama sharubu zilizolala sakafuni. Alikuwa mtu makini. "Mwenye sharubu hayumo humu," akajibu.

"Tukimpata yule," fundi akawaambia wenzake, "hatumwachii hata kimoja."

Alikuwa anazungumzia vikatio. Chini ya povu, Hakika alikunja vidole vyake vyote akavifumbata.

Alirudi nyumbani kwa vichochoro, kipara kinamng'aa. Alipanga chumba kwenye nyumba ya mama mmoja mjane aliyepika katika shule ya bweni kwa miaka thelathini, na ambaye wapangaji wote walimwita Shangazi. Shangazi alikuwa ameketi barazani anachambua mchele. Alimtazama kichwani, kisha akarudi kwenye mchele wake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umefiwa?"

"Bado."

Ni vyema kueleza kwamba Shangazi alikuwa na desturi ya kufagia vyumba vya wapangaji, na ufagio wake ulifika mpaka ndani ya makasha yaliyofungwa. Juzi yake alichukua kikatio kimoja kutoka uvunguni mwa kitanda cha Hakika, akakizungusha mikononi mara moja tu. Mtu aliyelisha watoto mia nne kila siku hahitaji karatasi ya maelezo. Alibonyeza kitufe, akazungusha, akakata viazi vya wiki nzima, akakirudisha kilipokuwa kikiwa kimeoshwa na kukaushwa.

"Kuna watu walikuja kukuulizia," akasema.

Hakika akashika nguzo ya baraza. "Watu gani?"

"Wanawake saba. Na askari mmoja. Wameulizia mtaa kwa mtaa mpaka hapa."

"Walisema nini?"

"Walisema wanakutaka sana. Walisema hawatatulia mpaka waone vilivyobaki."

"Walikuwa wamekasirika?"

Shangazi akafikiri. "Mmoja alikuwa analia," akasema. Na kweli mmoja alilia, kwa kuwa jirani yake anacho na yeye hana.

Hapo kijasho chembamba kikamtoka Hakika kipara kizima. Aliketi chini, jambo ambalo suti yake haikulizoea. "Shangazi, uvunguni mwangu kuna makasha. Wakiyakuta nimekwisha. Nisaidie kuyatoa."

"Mimi? Na mgongo huu?"

"Nitakulipa."

"Mkokoteni haukodishwi kwa mdomo. Na nikikutwa nayo, nitasemaje?"

"Sema ni yako."

"Siwezi kusema uongo, mwanangu. Umri wangu hauniruhusu." Akaweka ungo pembeni. "Labda uniandikie kwamba ni yangu kweli. Hapo nitakuwa nimesema kweli."

Hakika aliandika. Aliandika kwamba makasha yote na vyote vilivyomo ni mali ya Shangazi, kwamba yeye hana chake humo, wala hatakuwa nacho. Sahihi aliitia vizuri, kwa mazoea. Kisha akamlipa Shangazi pesa zote alizopata kwa fundi na kwa zile ghorofa za chini, akaongeza redio yake kwa ajili ya mgongo. Shangazi alipokea kwa huzuni kubwa, akamfungia na mkate wa njiani.

Kesho yake mchana Hakika aliketi kwenye benchi la stendi, akisubiri basi la kwenda popote. Askari aliyevaa sare akaja akaketi pembeni yake, akaweka boksi magotini. Hakika akalitazama. Kilikuwa kikatio. Kielelezo cha kwanza, akawaza.

"Afande," akasema kwa sauti ndogo, "nimechoka kukimbia."

"Pumzika," askari akasema. "Basi lenyewe halijafika."

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Wa vikatio."

Askari akageuka, akamtazama kuanzia kipara hadi viatu. "Yule alikuwa na sharubu."

"Nimezinyoa."

"Kwa nini? Mke wangu alisema zilikupendeza."

Hakika akanyoosha mikono yote miwili mbele yake. "Nifunge pingu tu, afande. Nakiri. Nimewauzia watu vitu visivyokata."

Askari alikunja uso. Alifungua boksi, akatoa kikatio, akachukua tango kutoka kwenye mfuko wake wa chakula cha mchana, akalitumbukiza na kubonyeza mara nne. Vipande vinne vikaanguka kwenye kiganja chake. Akampa Hakika kimoja.

Hakika alikitafuna polepole. Hakuwahi kula kitu kichungu kama tango lile.

"Hiki ni cha mama yangu, namtumia kwa basi," askari akasema. "Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, na kisu kinanitia wasiwasi. Watu wanakutafuta mji mzima wanataka kununua. Mimi mwenyewe jana nimekimbia mpaka kiatu kikafumuka."

"Lakini nilidanganya. Yale maelezo niliyatunga mwenyewe chumbani."

"Uliyatunga vizuri."

"Hata la kupunga mkono?"

"Hilo mke wangu analifanya kila asubuhi. Mimi nilijaribu bila kupunga, kikakata vilevile, ila sijamwambia."

"Afande, mimi ni tapeli," Hakika akasema, na sauti ilikuwa na uchungu wa mtu aliyeguswa kwenye heshima yake. "Miaka ishirini. Niliwatapeli watu wale."

"Umewauzia kitu kizuri kwa bei nafuu, na wamefurahi," askari akasema kwa upole. "Nitaandika kosa gani? Nenda kawaombe radhi, kama roho inakusuta."

Hakika akalitazama tena lile boksi. Halafu wazo lingine likamjia, baya kuliko yote. "Hiki umekinunua wapi?"

"Kwa mama mmoja wanayemwita Shangazi. Asubuhi hii. Anavyo makasha, ila bei imepanda."

Hakika alifika nyumbani kabla vumbi la miguu yake halijatulia stendi. Meza ilikuwa barazani, kitambaa cha maua juu yake, na foleni ilitoka nje ya geti ikapinda ukutani. Shangazi alikuwa anauza kwa mkono mmoja na kurudisha chenji kwa mwingine. Redio ya Hakika ilikuwa inapiga muziki taratibu dirishani.

"Shangazi, nilikulipa ukavitupe."

"Ulinilipa nivitoe nyumbani, mwanangu. Si hivi vinatoka?"

"Vikatio ni vyangu."

Shangazi hakubishana. Alitoa ile karatasi kifuani, akaikunjua, akampa fundi cherehani aliyekuwa mbele ya foleni aisome kwa sauti, na fundi akaisoma mpaka kwenye sahihi. Watu wakatikisa vichwa. Mzee mmoja akasema kwamba ni nadra siku hizi kuona mambo yameandikwa vizuri namna ile.

Hakika aliketi kwenye kizingiti. Hakuwa na pesa, hakuwa na sharubu. Shangazi akamwonea huruma, au tuseme foleni ilikuwa ndefu na mikono yake ni miwili.

"Simama hapa uuze," akamwambia. "Kila kikatio utapata chako kidogo. Mdomo unao."

Hakika akasimama mezani. Akakohoa. Mbele yake palikuwa na mama mwenye kikapu, macho yamejaa hamu.

"Kinakata kweli?" mama akauliza.

"Kinakata," akasema Hakika.

Mama akangoja. Hakika naye akangoja. Alitafuta maneno, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hayakuja. Miaka yote ulimi wake ulikuwa unakwenda mbio kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na kitu kinachoufukuza. Leo nyuma hapakuwa na kitu.

"Basi?" mama akauliza.

"Ndiyo. Unabonyeza kitufe, unazungusha, unaweka karoti. Inakatika." Jasho likamtoka. "Hakuna kingine."

Mama akarudisha kikatio mezani taratibu, kama mtu anayerudisha yai. "Mbona jasho linakutoka?" Akamgeukia mwenzake nyuma. "Huyu anaficha kitu. Mtazame macho." Mwenzake akamtazama macho, akakubali. Wawili watatu wakatoka kwenye foleni, wengine wakaanza kushika mifuko yao ya pesa.

Shangazi akamvuta Hakika kwa mkono wa koti, akamkalisha kwenye kigoda nyuma ya meza, akamwekea beseni la karoti na kisu.

"Wewe menya," akasema. "Usiongee na mtu."

Hakika akamenya. Foleni ikakaza tena. Yule mama wa kikapu, aliyekuwa ameondoka nusu, akarudi akamwinamia Shangazi sikioni, lakini kwa sauti ya kusikika mpaka ukutani.

"Huyo mwenye kipara ni nani, mbona anatia shaka?"

Shangazi alitazama foleni, akatazama makasha mawili yaliyobaki. Umri wake ukamruhusu.

"Ndiye aliyevivumbua," akasema. "Alisoma nje. Watu wenye akili nyingi hawajui kuongea."

Kisu kikasimama mkononi mwa Hakika. Alimtazama Shangazi, akamtazama yule mama, na kitu kikamsuta rohoni ambacho hakukitambua, kwa kuwa hakuwahi kukutana nacho.

"Si kweli," akasema. "Mimi sikuvumbua chochote."

Mama wa kikapu akaweka mkono kifuani.

"Na unyenyekevu juu," akasema, akanunua vitatu.